Ndugu wa Matopeni: shajara ya mradi wa chupa na ukuta, Lamu

Machi, bamvua

Tumeanza. Tunataka ukuta mmoja na meza moja katika ukumbi wa vijana hapa mjini, vya kueleza seli yenye kiini ilitokana na nini: seli ya mtu, ya mkoko, ya pweza, ya hamira. Ukutani utakaa mchoro, mezani zitakaa chupa za matope. Watazamaji ni wanafunzi wa sekondari waliofunga shule, na yeyote atakayepita akiwa hana haraka. Fedha ni za kuchangishana. Rangi ni masalio ya mchoraji wetu, kijana wa Langoni anayeandika vibao vya maduka na kuyachora majahazi macho. Mimi ni msaidizi wa maabara, kwa hiyo matope ni juu yangu.

Leo tumeyafuata. Mtumbwi ni wa ami yangu, aliyekata boriti enzi za ujana wake na anayeijua mikoko ya upande wa Manda mti kwa mti. Tumetoka maji yakianza kupwa. Ami ametupitisha penye mikoko yenyewe, akaenda kusimama penye mchu, jamii nyingine ya mikoko. "Hapa ndipo panaponuka," akasema. "Si ndicho mnachokitaka?"

Ndicho. Juu pana ngozi nyembamba ya kahawia, chini yake kijivu, na ukizamisha mkono mpaka juu ya kifundo matope yanakuwa meusi ti, harufu ya yai viza inakupanda puani. Mizizi ya mchu imechomoza juu kwa mamia kutafuta hewa, maana huko chini hakuna. Viumbe wa chini, kwa kukosa oksijeni, hupumua salfeti ya maji ya bahari, ambayo ni kama gramu 2.7 katika kila lita, kisha hutoa haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ndiyo harufu. Ikikutana na chuma kilichomo matopeni hufanya ule weusi.

Tumejaza ndoo, mti hatukugusa. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti hii, na ami hakuacha kutukumbusha kwamba siku hizi hata ufito unataka kibali.

Machi, maji mafu

Chupa ziko dirishani. Utaratibu ni wa Sergei Winogradsky, Mrusi aliyeubuni miaka ya 1880, na mpaka leo hakuna aliyeona haja ya kuugeuza sana. Unachukua chupa ya maji ya plastiki, unaikata shingo. Robo ya chini ni matope yaliyokandwa na karatasi za gazeti zilizochanwachanwa na ute wa njano wa yai. Karatasi ni chakula, yai ni salfa. Juu yake matope matupu, juu kabisa maji ya bahari, na nafasi ya vidole viwili kwa ajili ya hewa. Unaigongagonga mezani mapovu yatoke, unaifunika kwa nailoni na mpira. Maelekezo mengi yanataka uongeze jasi ili salfeti isipungue. Aliyeyaandika hakuwa na bahari mlangoni.

Chupa moja tumeizungushia kipande cha vazi kuukuu la buibui isione mwanga. Nyingine haikupewa karatasi wala yai. Zote zimekaa kwenye dirisha linaloangalia kusini, kwa sababu kuanzia sasa jua linahamia kaskazini na dirisha la upande huo lingezipika.

Aprili, masika

Mvua. Mwanga ni hafifu na chupa hazijafanya lolote ila kunuka. Mwenye ukumbi amelalamika, tumemwahidi mafusho ya udi kila jioni.

Nimeutumia muda huu kuandika maelezo ya ukutani. Nusu ya kwanza ni nyepesi kwa sababu ushahidi wake hauna ubishi tena. Mwaka 1967 Lynn Margulis alichapisha hoja kwamba mitokondria, vile vinu vya nishati vilivyomo ndani ya seli zetu, vilikuwa bakteria waliokuwa wakijitegemea. Andiko lake lilikuwa limekataliwa na majarida kama 15. Leo tunajua mitokondria ina DNA yake yenyewe, duara la herufi 16,569 lenye jeni 37 kwa binadamu, ambalo kila mmoja wetu ameligawiwa na mama yake. Ina tando mbili. Hugawanyika yenyewe, na mitambo yake ya kuunda protini inafanana na ya bakteria kuliko na ya seli inamokaa.

Lakini hoja hiyo inamweleza mgeni aliyeingia tu. Mwenye nyumba, yaani seli iliyompokea, alikuwa nani?

Hapo ndipo ninapotaka watazamaji wakae. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA ya ribosomu, ile mitambo ya kuunda protini, za viumbe mbalimbali wakakuta kwamba vijidudu vinavyotengeneza methani, vilivyohesabiwa bakteria siku zote, si bakteria hata kidogo. Ni ukoo mwingine, unaoitwa akea. Chini ya hadubini huwezi kuwatenga kirahisi, mmoja mviringo na mwingine mviringo. Ndani ya jeni wako mbalimbali kabisa. Na katika namna ya kunakili DNA na kuisoma, akea wanafanana na sisi kuliko wanavyofanana na bakteria.

Kisha ikaja 2015. Timu ya Thijs Ettema wa Uppsala, Sweden, ilisoma DNA ya matope yaliyotolewa mita 3,283 chini ya bahari baina ya Norway na Greenland, si mbali na chemchemi za moto ziitwazo Loki's Castle. Humo walimkuta akea mpya. Seli yake yenyewe hawakuiona. Waliona jeni zake tu, na miongoni mwake jeni za protini za kushikilia umbo la seli na za kukunja na kukata utando, vitu vilivyodhaniwa ni mali ya seli zenye kiini peke yake. Wako waliosema ni uchafu ulioingia kwenye sampuli. Lakini ndugu wa akea huyo wakaendelea kuibuka, matope baada ya matope, na kufikia 2017 ukoo mzima ulikuwa umepewa jina la Asgard. Uchambuzi wa 2023 ukatuweka sisi ndani ya ukoo huo, jirani na kundi liitwalo Hodarchaeales. Yaani mti, samaki na mtu ni tawi lililochipuka katikati ya akea hao.

Aprili, mwisho wa mwezi

Mchoraji ameleta rasimu. Seli kubwa ya mviringo imefumbua mdomo, bakteria mdogo anaingia. Ni picha ile ile ya vitabu vyote vya shule, ila hii imechorwa na mtu mwenye mkono mzuri. Nikamwomba kitu kimoja: aichore kwa kipimo. Sentimita moja ya ukuta iwe nanomita 100, na kila kilichomo kifuate.

Akanitazama. "Hivyo tu?"

Tukakata karatasi za manila, tukazipanga sakafuni. Seli nyekundu ya damu, maikromita saba na nusu (maikromita moja ni nanomita 1,000), ikatoka duara la sentimita 75. Tumeiweka kwa sababu kila mtu amewahi kujikata na anajua damu ni nini, ingawa yenyewe ikishapevuka haina kiini wala mitokondria. Bakteria wa kawaida wa maikromita moja akatoka sentimita 10. Halafu tukamkata akea wa Asgard, yule wa kwanza kupandwa maabara, ambaye kipenyo chake ni kama nanomita 550. Sentimita tano na nusu.

Kijana akalichukua lile duara dogo akaliweka juu ya bakteria, akaliondoa, akaliweka tena. "Huyu ndiye anayemmeza huyu?"

Tukabaki pale sakafuni mpaka adhana ya Magharibi. Maana swali hilo ndilo lenyewe. Ni kweli, yule wa kale huenda alikuwa na mwili mkubwa kuliko hawa wa leo, hakuna aliyempima. Lakini picha ya jitu linalomeza kijidudu inatuchukua kwenye mwisho wa hadithi na kuuita mwanzo. Kumeza ni kazi ghali: inataka utando unaokunjika, misuli ya protini ndani, na nishati nyingi, na nishati nyingi ndiyo hasa iliyokuja na mitokondria. Wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba kumeza kulitangulia. Mimi sikubaliani nao, na ukuta huu utakuwa wa upande wangu.

Rasimu ya mdomo imekunjwa. Mchoraji ameipeleka kwake, anasema itafaa kwenye duka la samaki.

Mei, Kusi imeingia

Matokeo! Mvua imepungua na ndani ya muda mfupi chupa zimepata rangi. Nilikuwa nimekwisha kuwa na wasiwasi.

Ninaandika nikiwa nimeinamia chupa iliyo katikati ya dirisha, yenye mistari safi kuliko zote. Chini kabisa ni nyeusi, na karatasi za gazeti zimeyeyuka isipokuwa kona moja ambamo bado inasomeka nusu ya tangazo la viatu. Juu ya weusi pana madoa ya kijani kibichi yaliyofifia. Juu yake utepe wa zambarau, mzito, umegandamana na plastiki. Hao ni bakteria wanaotumia mwanga na ile gesi ya yai viza, na ndani yao hulimbika punje za salfa. Juu tena pana ukanda wenye rangi ya kutu. Mpaka wa maji na matope umefunikwa na zulia la kijani iliyokolea, lenye vipovu vidogo vya oksijeni vinavyopanda mmoja mmoja mchana na kutulia usiku.

Ukanda wa kutu na zulia la juu ndivyo ninavyovitaka. Bakteria wa rangi ya kutu ni wa kundi la alfaproteobakteria, na mitokondria ilichipuka katika kundi hilo au jirani yake kabisa. Zulia ni sayanobakteria, na kloroplasti, ile inayoupa mkoko ukijani wake, ni sayanobakteria aliyeingia ndani ya seli akabaki. Kwa hiyo wageni wawili wakuu wa historia ya seli, ndugu zao wako dirishani kwetu, wanaonekana kwa macho. Asiyeonekana ni ndugu wa mwenye nyumba.

Kama yumo? Katika matope ya mikoko ya kusini mwa China DNA ya akea wa Asgard imepatikana. Sisi hatuna mashine ya kusoma DNA, na hadubini yetu haiwezi kumtofautisha. Mwenzetu mmoja alitaka tuandike kwenye chupa "Akea wa Asgard wanaishi hapa". Nimekataa. Tumeandika kile tunachokiona.

Chupa ya buibui imefunguliwa kwa mara ya kwanza. Nyeusi juu hadi chini, hakuna rangi nyingine. Isiyopewa karatasi wala yai ina zulia jembamba na kivuli cha weusi, basi.

Mei, inaendelea

Sasa sehemu ya ukuta ninayoipenda, hadithi ya Wajapani. Nimeiandika mara nyingi ili ikae kwenye karatasi moja na bado inamwagika.

Mwaka 2006 nyambizi ya utafiti Shinkai 6500 ilichota matope mita 2,533 chini ya bahari katika Bonde la Nankai, nje ya pwani ya Japani. Hiroyuki Imachi na wenzake waliyaweka kwenye mtambo uliojaa sponji za kuning'inia, wakayapitishia methani kwa zaidi ya siku 2,000. Kisha wakahamishia kidogo kidogo katika mirija ya kioo, wakailisha amino asidi na maziwa ya unga, wakatia antibiotiki za kuwazuia bakteria, ambazo akea hawazijali. Baada ya kama mwaka mrija mmoja ulionekana na ukungu kidogo. Kazi yote ilichukua miaka 12 na ikachapishwa rasmi Januari 2020. Kiumbe wao wamemwita Prometheoarchaeum syntrophicum. Bakteria wa tumboni mwetu akistareheshwa huzaana kwa dakika 20. Huyu anataka siku 14 hadi 25.

Kilichowashangaza ni kwamba peke yake haendi. Yeye huvunja amino asidi na kutoa haidrojeni, na haidrojeni ikijaa karibu naye, kazi yake haina tena faida ya nishati, inasimama. Ni kama karakana ya majahazi kule Matondoni: fundi akipiga randa na hakuna wa kuzoa maranda, kesho hapati pa kusimama. Wazoaji wa akea huyu ni wawili, akea mwingine anayeigeuza haidrojeni kuwa methani na bakteria anayeitumia pamoja na salfeti. Wao wanakula, yeye anaendelea. Kiini hakuna ndani yake, wala mitokondria. Alichokuwa nacho ni mikono: nyuzi ndefu za utando zinazotoka mwilini, zenye matawi, unene wake nanomita 80 hadi 100.

Hapo Imachi na wenzake wakapendekeza mwendo ambao ndio ukuta wetu. Oksijeni ilianza kuzidi hewani miaka bilioni 2.4 iliyopita, sumu kwa kiumbe wa aina hii. Akajishikamanisha na bakteria anayeitumia oksijeni, akamzungushia mikono, jirani akazidi kuzingirwa mpaka akawa ndani. Hakuna mdomo. David Baum na Buzz Baum walikuwa wamependekeza jambo la karibu na hilo mwaka 2014, kabla mtu yeyote hajaiona mikono hiyo: kwamba mwili wa kale wa akea ndio uliokuja kuwa kiini, na seli yote inayokizunguka ni mikono iliyotanuka na kugusana. Kijana wetu aliposikia hivyo aliacha brashi. "Kumbe kiini hakikujengwa ndani," akasema, "nje ndiyo iliyoongezwa."

Mwezi Desemba 2022 timu ya Christa Schleper wa Vienna ikatoa wa pili, Lokiarchaeum ossiferum, na ndani ya mikono yake wakaona nyuzi za aktini zikiwa zimenyooka. Aktini ni ile ile inayofanya kazi katika misuli ya baharia anapovuta tanga. Na huyu hakutoka kilindini. Ametoka kwenye matope ya pwani ya Piran, Slovenia, mahali mtu anapofika kwa miguu. Ami alipoelezwa hivyo alicheka sana, akasema angewapeleka hata bure.

Kwa kipimo chetu mkono wa nanomita 100 ni sentimita moja ya ukuta. Kijana akaona hakuna haja ya kuuchora. Ameleta kamba ya unene huo, ya kufungia mtumbwi, akaifumua ncha zake ziwe matawi, na anaipigilia ukutani kwa misumari midogo. Miduara ya rangi, mikono ya kamba.

Juni, siku ya majaribio

Tumewaita watu wachache kabla ya kufungua.

Muuguzi wa zahanati alitaka kujua faida. Nikamwonyesha kona ya malaria. Kimelea cha malaria kina ndani yake masalio ya kloroplasti, iliyoachwa na mwani mwekundu uliomezwa na babu zake. Haitumii mwanga tena ila kimelea hakiwezi kuishi bila yake. Kwa kuwa chimbuko lake ni bakteria, dawa ya bakteria kama doksisaiklini inaishika. "Ndiyo maana," akasema, "tunawapa watalii." Ametaka kona hiyo iongezwe ukubwa. Itaongezwa. Na hapo kumeza kupo, nami sina tatizo nako: mmezaji alikuwa tayari seli kamili.

Mzee mmoja aliuliza kwa upole kama tunabishana na dini. Nikamjibu kwamba tumeonyesha chembe zilivyoungana, na kwamba aliyeziumba si suala la ukuta huu. Akasoma kila kitu kuanzia juu hadi chini, polepole, akaomba maandishi yawe makubwa.

Msichana wa kidato cha tatu ndiye aliyetusumbua: "Mwalimu, ikiwa hao akea ni mababu zetu, mbona bado wako hivyo hivyo?" Jibu ni kwamba si mababu. Wa Japani na wa Piran wamepita miaka mingi sawasawa na sisi tangu tulipoachana. Ni ndugu waliobaki matopeni. Babu mwenyewe hayupo, na masalio ya seli zenye kiini ya zamani zaidi yanayokubalika na wengi yana miaka kama bilioni 1.65, wakati kazi kubwa ilikuwa imekwisha. Nimempa yeye rangi na kibao, amefuta "babu" kila lilipokuwa na kuandika "ndugu".

Pia aliiona kasoro ambayo wataalamu wenyewe wanabishania. Tando za akea zimeundwa kwa mafuta ya aina moja, za bakteria kwa aina nyingine, na zetu ni za bakteria. Ikiwa mwenye nyumba ni akea, nyumba ilibadilishiwaje kuta zote bila kuanguka? Maelezo yapo ya namna kadhaa na hakuna lililoshinda. Swali hilo limepata nafasi yake, chini kulia, pameachwa peupe watu waandike.

Juni, kabla ya kufungua

Unyevu umelegeza kamba upande wa dirisha, mikono miwili imening'inia. Tunabadilisha misumari iwe ya shaba, ya mafundi wa majahazi, isishike kutu. Zulia la chupa ya katikati limepanda ukutani mwa plastiki kufuata mwanga, kwa hiyo tumeigeuza ili wageni waone upande wenye mistari. Chupa ya buibui itakaa na buibui lake na kila mgeni ataruhusiwa kulifunua mwenyewe. Kipimo cha sentimita kwa nanomita kimeandikwa mlangoni, mbele kabisa, kwa rangi nyekundu. Tunafungua Jumatatu baada ya Alasiri, na ami ameshatangaza gatini kwamba matope ni yake.